Namna ya Kurekebisha Bomba la Moshi la Pikipiki Bila Kuiua Injini

Ukisimama kwenye soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri, wakati pikipiki zinapogombania mizigo ya wachuuzi, waweza kufumba macho na bado ukaitambua ile iliyotobolewa salensa, lile kopo la nyuma linalopunguza mlio. Mlio wake umepasuka kama ngoma iliyochanika, na kila mwendeshaji anapoachia mafuta hutoka vishindo viwili vitatu mfululizo. Muulize mwenyewe, naye atakuapia kwamba tangu aitoboe pikipiki imekuwa nyepesi na yashika mwendo upesi. Nami niliwahi kuapa hivyo hivyo, kumbe pikipiki yangu ilikuwa imepungua nguvu na kelele ndizo zilizonidanganya.

Jambo la kwanza la kulielewa, basi, ni kwamba mlio na nguvu ni vitu viwili vinavyopita katika bomba moja, na njia ya kukipata kimoja si lazima ikupe cha pili. Pikipiki ya Boxer ya cc 150, ambayo kwa kipimo kamili ina cc 144.8, hutoa nguvu za farasi 12 hivi. Hata fundi akiishughulikia kwa ustadi wake wote, bomba peke yake halitaiongezea zaidi ya farasi mmoja, na nyongeza hiyo itaonekana katika sehemu fulani tu ya mwendo. Atakayekuahidi farasi watatu anakuuzia upepo. Mlio mzito wa kupendeza, kwa upande wake, wapatikana kwa gharama ndogo na bila kuisumbua injini, na huo ndio ambao wengi wanautaka hasa, hata wanapodai kwamba wanatafuta nguvu.

Kinachotokea ndani ya bomba

Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi iliyoungua hutoka kwenye silinda ikiwa bado na msukumo mkubwa, na mbele yake hutangulia wimbi linalokimbia ndani ya bomba. Katika hewa ya kawaida sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde; ndani ya bomba lenye moshi wa moto wimbi hilo hufikia mita 500 kwa sekunde na hata kuzidi. Likifika mahali ambapo njia yapanuka ghafla, kwa mfano pale shingo ya bomba, yaani ule mrija unaotoka kwenye injini, inapoingia kwenye salensa, sehemu ya wimbi hurudi nyuma, na hurudi likiwa limegeuka: lilikwenda likisukuma, sasa larudi likivuta. Mvuto huo ukiifikia valvu katika kile kipindi kifupi ambacho valvu ya moshi haijafunga na valvu ya kuingizia imekwisha kuanza kufunguka, huufyonza moshi uliobaki na kuusaidia mchanganyiko mpya wa hewa na petroli kuingia. Hapo ndipo nguvu ya ziada inapotoka.

Tazama sasa hesabu yake. Injini inayozunguka mara 7,500 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sehemu 8 za elfu za sekunde, na katika muda huo wimbi laweza kusafiri mita 4. Injini ikizunguka nusu ya hapo muda huongezeka maradufu, na wimbi lapata nafasi ya mita 8. Kwa hiyo urefu wa shingo ndio unaoamua ni katika mzunguko upi mvuto utawahi wakati wake. Shingo ndefu humsaidia mwenye kwenda polepole, na shingo fupi humsaidia mwenye kwenda mbio. Waliounda pikipiki ya kubebea watu na magunia walichagua urefu unaosaidia mizunguko ya chini na ya kati, kwa kuwa huko ndiko inakoshinda siku nzima. Ukiikata shingo sentimita 15 ili pikipiki "ipumue", umeuhamisha msaada huo hadi kwenye mizunguko ambayo mtu anayebeba abiria kati ya Buxton na Bamburi haifikii hata mara moja kwa wiki.

Mimi niliyajua haya kwa aibu. Nilikuwa nimefupisha shingo na kuondoa vizuizi vyote vya salensa, na siku ile ile nikavuka Likoni nikiwa na abiria mmoja na gunia la nazi. Tulipotoka kwenye feri kuupanda ule mlima wa kutokea, pikipiki iliyozoea kupanda kwa gea ya pili bila kulalamika ilikohoa, nikarudi gea ya kwanza, ikakohoa tena, na abiria akashuka akatembea huku akina mama wenye vikapu wakitupita. Fundi mmoja mzee aliyekuwa akitutazama kutoka kibandani kwake aliniita, akalishika bomba langu kwa kitambaa, akasema, "Mwanangu, kelele zimepanda mlima, wewe umebaki chini." Nikamjibu, "Ndiyo, ami," nikamwachia pikipiki.

Upana wa bomba una hukumu kama ya urefu. Bomba jembamba kupita kiasi huubana moshi injini inapokwenda kasi. Bomba pana kupita kiasi huupunguzia moshi mwendo, na moshi uliopoteza mwendo haufyonzi kitu. Ukipima kipenyo cha ndani cha shingo ya kiwandani kwa vernia, kile kifaa cha kupimia milimita, usiongeze zaidi ya milimita 2 kwa injini ambayo haijabadilishwa pistoni wala kamu, yaani mhimili unaofungua valvu. Mafundi wengi huieleza hasara ya bomba pana kwa kusema kwamba injini "yahitaji kubanwa kidogo nyuma". Kauli hiyo imekaa karibu na ukweli bila kuufikia. Injini haina haja yoyote ya kubanwa. Inachohitaji ni mwendo wa moshi na wimbi linalorudi kwa wakati, na bomba linapofunguliwa ovyo vyote viwili hupotea pamoja, huku kabureta ikiendelea kupima petroli kwa hesabu ya bomba la zamani.

Katika injini za viharusi viwili, zile zinazolipuka katika kila mzunguko, mambo haya ni makubwa zaidi, kwani hazina valvu ya kutolea moshi, na bomba lenyewe ndilo linalozuia mchanganyiko mpya usimwagike nje. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, katika Ujerumani ya Mashariki, alitumia miaka ya 1950 kuyachunguza mawimbi hayo na kuunda mabomba yaliyotuna katikati, na pikipiki zake ndogo zikaanza kuwatisha wakubwa. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda na maarifa hayo kwa Suzuki, ambayo mwaka uliofuata ilitwaa ubingwa wa dunia wa cc 50. Nayataja haya kwa sababu hapa kwetu bado wapo wanaolitazama bomba lililotuna la pikipiki ya viharusi viwili wakataka kuliiga kwenye injini ya viharusi vinne kama ya Boxer. Halitafanya kazi.

Kabla ya kushika msumeno

Pikipiki nyingi zinazoletwa kwa fundi kwa madai ya kukosa nguvu hazina kosa kwenye bomba. Kichujio cha hewa kimejaa vumbi, nafasi za valvu hazijapimwa tangu pikipiki inunuliwe, klachi inateleza, au mnyororo umelegea na kukauka. Vitengeneze hivyo kwanza, uendeshe wiki moja, kisha ujiulize kama bado waitaka kazi hii.

Ukiwa bado waitaka, usiliguse bomba lililokuja na pikipiki. Tafuta bomba kuukuu la aina hiyo hiyo kwa wauza vipuri vilivyotumika, hata kama limetoboka nyuma, na ufanyie kazi hilo; bomba la asili ulifunge kwa gazeti na kulihifadhi mahali pakavu. Siku ya kuuza pikipiki au ya ukaguzi utajishukuru.

Sheria nayo ipo. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mtetemo, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999, zinakataza chombo cha moto kutoa sauti kubwa isiyo ya kawaida, na zinaweka kikomo cha desibeli 84 chombo kinapoongeza mwendo. Lakini hata polisi asingekuwapo, mwenye kuumia wa kwanza ni mwendeshaji mwenyewe. Mpaka unaopendekezwa na wataalamu wa afya kazini ni saa 8 kwa siku katika kelele ya desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu, hivi kwamba kwa desibeli 94 unabaki na saa moja tu. Mtu wa bodaboda hukaa juu ya pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku. Na katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako kuta za mawe zimekaribiana kiasi cha kugusana mabega, kelele haina pa kwenda. Yagonga ukuta huu na kurudi kwenye ukuta ule hadi ipenye dirishani kwa mgonjwa.

Kulitoa bomba

Kazi hii, ambayo kwingine ni ya dakika 10, hapa Pwani yaweza kukuchukua siku nzima kwa ajili ya chumvi. Nati mbili zinazoifunga shingo kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, huwa zimeshikana kwa kutu na studi zake, zile fito zenye nyuzi zilizochomekwa kwenye hedi, na studi ikikatikia ndani ya hedi ya aluminiamu umeingia katika gharama usiyoipanga. Jioni ya kabla ya kazi, bomba likiwa limepoa, nyunyizia nati hizo mafuta ya kulegeza kutu, na urudie asubuhi. Tumia spana ya pete au soketi inayoshika pembe zote sita, kwa kawaida namba 10 kwa studi za milimita 6, na usitumie spana ya mdomo wazi iliyochakaa. Nati ikigoma, usiilazimishe upande mmoja: ilegeze robo mzunguko, ikaze kidogo, ongeza mafuta, ilegeze tena. Utasikia kama inalia, kisha mlio unakatika ghafla na mkono unakuwa mwepesi, na hapo ujue imekubali. Nati ya salensa iachwe ya mwisho, ili bomba lisining'inie kwa shingo.

Gasketi ya zamani, ile pete iliyobanwa kati ya shingo na hedi, itupe. Ilikwisha kubonyea na haitaziba tena, na bei ya mpya ni ndogo mno kuifanyia ubahili.

Shingo mpya, kwa mwenye kuihitaji

Kwa maoni yangu, mwendeshaji wa kawaida aiache shingo kama ilivyo, aishughulikie salensa na kabureta peke yake. Anayeibadilisha kwa sababu imeoza au kwa sababu anaijua mizunguko anayoitaka, na azingatie haya.

Nyenzo ni jambo la kwanza, na hapa nataka kuonya kwa nguvu. Katika karakana za jua kali mabomba ya maji yaliyopakwa zinki hupatikana kwa urahisi, na wapo wanaoyatumia kwa shingo ya pikipiki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na moto wa kuchomelea umepita hapo mbali, kwa hiyo hugeuka moshi mweupe ambao fundi huuvuta. Jioni hushikwa na homa, kutetemeka na kifua kubana, akadhani ni malaria. Bomba la chuma cha kawaida kisichopakwa kitu, lenye unene wa milimita 1.5, ni bora na ni rahisi kulichomelea. Chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi kwa mji wa bahari, ila ujue unanunua nini. Kile cha daraja la 304 hakishikwi na sumaku, na wauzaji hupenda kukithibitisha kwa sumaku mbele ya mnunuzi. Tatizo ni kwamba kipo cha bei nafuu, daraja la 201, ambacho nacho hakishikwi na sumaku, na kwa hewa yetu hicho hutoka madoa ya kutu mapema. Omba uambiwe daraja, na ukiweza kupata 316, ambayo ina molibdeni na huvumilia chumvi kuliko zote hizo, bomba lako litadumu kuliko pikipiki.

Kulikunja bomba bila mashine kunawezekana. Ziba ncha moja, jaza mchanga mkavu huku ukigongagonga ili ushindiliwe, ziba ncha ya pili, kisha pasha moto sehemu ya kukunjwa hadi iwe nyekundu na uikunje taratibu kwa kukifuata kigezo cha waya ulichokikunja kwenye pikipiki yenyewe. Mchanga ndio unaozuia bomba lisibonyee kwenye kona. Usiuchote ufuoni ukautia hivyo hivyo. Mchanga wa bahari una unyevu hata unapoonekana mkavu, na unyevu uliofungiwa ndani ya bomba linalopashwa moto hugeuka mvuke ukazirusha zile zibo kama risasi. Uukaange kwanza kwenye karai.

Wakati wa kuchomelea, bomba liwe limetolewa kwenye pikipiki. Ikibidi kuligusisha mahali pake kwa nukta mbili tatu ili lisipinde, chomoa waya wa hasi wa betri na uondoe tangi la petroli kabisa, na lisiwekwe karibu. Fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 hutoboa bomba la milimita 1.5 mikononi mwa asiyezoea. Fimbo ya milimita 2 na moto mdogo hutosha. Ukimaliza, tia kidole ndani uyapapase matone ya chuma yaliyoingia, uyasage yote, hasa mwanzoni mwa shingo, kwa kuwa tone moja mlangoni huyavuruga yale mawimbi kuliko kona nzima ya bomba. Angalia pia tundu la shingo lisiwe dogo kuliko tundu la hedi, likajenga kizingiti ambacho moshi utajigonga.

Salensa, yaani mlio wenyewe

Injini ya silinda moja ya viharusi vinne hulipuka mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 50 kwa sekunde, na hilo ndilo besi la mlio. Juu ya besi hilo hupanda sauti nyingi nyembamba na kali, na hizo ndizo zinazochoma masikio. Salensa ya kiwandani ina vyumba vilivyotenganishwa kwa vibati vyenye mirija, na mawimbi hupigana humo yakauana. Anayevitoboa vibati hivyo kwa nondo huziachia sauti zote zitoke kwa pamoja, kali kwa nzito, ndipo unapopata ule mlio wa debe tupu. Sauti nzito hupatikana kwa kufanya kinyume: kuziua zile kali na kuiachia nzito kiasi. Na kinachoziua zile kali ni pamba ya kioo.

Namna yake ni hii. Chukua mrija wenye kipenyo cha ndani sawa na cha shingo, au zaidi kidogo, na urefu wa sentimita 35 hadi 45. Utoboe kote matundu ya milimita 3, yaliyoachana milimita 5 kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jingine. Ukiyapanga kwa kupishana, karibu theluthi ya uso wa mrija itakuwa wazi. Ni kazi ya kuchosha, na wengi hutoboa matundu makubwa ishirini wakaita basi. Matundu makubwa huipulizia pamba nje. Utaiona ikitoka vipande vipande nyuma kama mbuni aliyenyolewa. Juu ya mrija zungusha tabaka jembamba la sufi ya chuma, kisha pamba ya kioo ya nyuzi ndefu iliyotengenezwa kwa ajili ya salensa, na uuingize wote katika kopo la nje lenye kipenyo cha sentimita 9 hadi 10. Pamba iwe imebana bila kushindiliwa kama mto. Ile ya kuwekea dari haifai, kwa maana gundi yake huungua na pamba ikaporomoka, na sponji ya godoro ni kuwasha moto tu. Vaa barakoa na glovu, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

Mdomoni mwa salensa weka kizibo cha kupunguza sauti, yaani mrija mfupi mwembamba unaoshikwa na skrubu moja, ambao waweza kuutoa na kuurudisha. Anza na wenye kipenyo cha milimita 20, usikilize, kisha upanue kidogo kidogo. Ukianza na mpana, masikio yatauzoea na hutataka kurudi.

Kuna tundu dogo chini ya salensa nyingi za kiwandani, la milimita 2 au 3, ambalo mafundi huliona wakalichomelea wakidhani ni kutu imetoboa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Katika safari fupi, Mwembe Tayari hadi Makupa na kurudi, salensa haipati moto wa kuyakausha yote, maji yakatuama chini yakichanganyika na masizi, na bati likaoza kutoka ndani wakati nje bado linang'aa. Salensa mpya uliyoiunda nayo itobolewe tundu hilo, mahali palipo chini kabisa pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi yake ya pembeni.

Usisahau bati la kinga. Abiria anayekaa kwa kutanua miguu hugusisha muundi wa kulia kwenye bomba, na alama hiyo ya duara utaiona kwenye miguu ya watu wengi mjini. Buibui na leso navyo vikigusa bomba tupu huyeyuka au kushika moto. Kinga iwe mbali na bomba angalau sentimita moja, hewa ipite katikati, na mdomo wa salensa uupite mguu wa abiria, usiishie sambamba nao.

Kabureta haina budi kufuata

Bomba linalotoa moshi kwa urahisi zaidi huingiza hewa zaidi, na petroli ikibaki ile ile mchanganyiko huwa mwembamba. Injini hupata joto kupita kiasi, husitasita unapofungua mafuta ghafla, na hupiga vile vishindo unapoachia. Vishindo hivyo watu huvionea fahari, na ni malalamiko. Vyaweza pia kuwa vya gasketi inayovuja, kwa hiyo anza na hiyo: injini ikiwa baridi, iwashe, zungushia kitambaa chenye maji mdomoni mwa salensa kwa sekunde chache, na usikilize kama kuna mpumuo kwenye hedi.

Kama hakuna uvujaji, panda jeti kuu, yaani kile kipande cha kabureta chenye tundu la kupimia petroli, kwa namba moja, yaani hatua ndogo kabisa ambayo muuzaji anayo, na uijaribu. Usitoboe jeti kwa sindano au waya ili kuipanua. Tundu lake limepimwa kwa sehemu za mia za milimita, na ukishaliharibu hujui tena uko wapi. Sindano ya kabureta ikiwa na vijino, kishikizo kikishushwa kijino kimoja huinua sindano na kuongeza petroli katika mwendo wa kati. Skrubu ya mchanganyiko ihusishwe na mngurumo wa pikipiki ikiwa imesimama peke yake. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukiandike.

Hakimu wa yote ni plagi. Tia plagi mpya, endesha kilomita kadhaa kwa mafuta yaliyofunguliwa karibu yote, kisha bana klachi na uzime injini papo hapo, usiiache ingurume. Mahali pa kufanyia jaribio hilo ni barabara pana isiyo na watu wengi, kama ya Dongo Kundu mapema Jumapili, wala si Digo Road. Ikifunguliwa, kauri ya plagi yenye rangi ya kahawia iliyopauka, kama chai ya maziwa, ni njema. Nyeupe kama chokaa maana yake petroli ni kidogo, na hapo usiendelee hata kilomita moja, kwa kuwa pistoni iko hatarini. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli imezidi. Pikipiki haitakufa, ila itakumaliza mfukoni.

Pikipiki zenye mfumo wa kudunga petroli kwa kawaida zina sensa ya oksijeni kwenye shingo, na baadhi zina katalisti, lile sega lililopakwa platinamu na ndugu zake, ambalo huisafisha sumu ya moshi. Katika hizo, usikate chochote kabla ya salensa. Tundu dogo mbele ya sensa huvuta hewa ya nje, sensa ikaidanganya kompyuta kwamba petroli ni kidogo, nayo ikamwaga zaidi.

Kujaribu na kupima

Pima sauti kabla ya kazi na baada yake, kwa simu ile ile na programu ile ile ya kupimia desibeli. Simu iwe nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa kimo kile kile cha mdomo, na ikae pembeni kwa nyuzi 45 ili isipigwe na moshi. Shika injini katika mizunguko ya wastani bila kuibadilisha. Kipimo cha karibu namna hii hakilingani moja kwa moja na kile kikomo cha 84, na simu si kifaa cha mahakamani, ila tofauti kati ya kabla na baada itakuambia ukweli. Mlio ukiongezeka desibeli 10, masikio ya jirani yatausikia kama umezidi maradufu, na hapo rudisha kizibo chembamba.

Nguvu ipimwe kwa mlima na mzigo. Chagua mlima mmoja, abiria mmoja, gea moja, na uone kama pikipiki inapanda bila kushuka gea ukilinganisha na bomba la asili. Mimi bado naupima ule wa kutokea feri.

Baada ya safari ya kwanza, bomba likishapoa, zikaze tena zile nati mbili za shingo, kwa kupokezana, kwa maana gasketi mpya hubonyea inapopata moto wa kwanza. Kisha kila Ijumaa unapoiosha pikipiki, usiishie kwenye tangi na rimu: mwagia bomba maji baridi, nje na kwa chini, likiwa limepoa, uiondoe chumvi, na upitishe waya mwembamba kwenye lile tundu la chini. Ukiona mstari mweusi wa masizi umeanza kujichora pale shingo inapokutana na hedi, gasketi imeanza kuvuja.